Begi la mgongoni la safari: tuanze na urefu wa mgongo kabla ya lita

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salamu. Kila anapotokea mtu kuuliza begi gani la mgongoni linafaa kwa safari ndefu, majibu hugeuka mashindano ya namba: huyu anasema lita 40, yule 50, mwingine anaapa kwamba chini ya 65 hakuna safari. Ni mara chache sana mtu humuuliza mwenzake mgongo wake una sentimita ngapi. Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe, na nilikaa nalo karibu miaka miwili nikiamini kwamba mabega yangu ndiyo dhaifu.

Begi langu la kwanza lilikuwa la lita 65. Nina urefu wa sentimita 184, na aliyeniuzia alinihakikishia kwamba mtu mrefu huvaa begi la saizi kubwa, nami nikaona maneno hayo yana mantiki. Katika safari ya kwanza ya siku nyingi nilikuwa nalishusha kila baada ya nusu saa, na jioni ya siku ya pili vidole viwili vya mkono wa kushoto vikafa ganzi hadi kesho yake mchana. Nililaumu uzito, nikapunguza nguo, nikapunguza viatu, nikanunua hata vitambaa vya kuweka chini ya mikanda ya mabega. Siku moja msafiri mwenzangu alinipima kwa utepe wa fundi cherehani, akanionyesha jambo ambalo sikuwa nalijua juu ya mwili wangu: miguu yangu ndiyo mirefu, kiwiliwili ni cha kawaida tu. Mgongo wangu ulikuwa na sentimita 45, ilhali begi lile lilishonwa kwa ajili ya mgongo wa sentimita 51 na zaidi. Mkanda uliopaswa kukaa kwenye nyonga ulikuwa unateremka hadi kwenye makalio, na kwa hiyo kila kilo iliyomo ndani ilikuwa inaning'inia mabegani.

Namna ya kupima ni hii. Inamisha kichwa mbele, upitishe kidole nyuma ya shingo ukishuka. Pingili inayotokeza kuliko nyingine, pale shingo inapokutana na mabega, ndiyo ya saba ya shingo, na ndiyo mwanzo wa kipimo. Kisha shika kiuno viganja vikiwa juu kabisa ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma. Mstari unaounganisha gumba na gumba ndio mwisho wa kipimo. Mwenzako apitishe utepe kutoka kwenye pingili hadi kwenye mstari huo akifuata mpindo wa uti wa mgongo, wewe ukiwa umesimama kama unavyosimama siku zote, bila kujinyoosha kama uliye gwarideni. Usijipime mwenyewe, kwa sababu ukizungusha mkono nyuma tu mgongo unajipinda na kipimo kinaharibika. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 38 na 53, na tofauti ya sentimita tatu au nne tu yatosha kubadilisha saizi ya begi.

Tahadhari moja kuhusu herufi zinazoandikwa kwenye lebo: M ya kampuni moja si lazima iwe M ya nyingine. Tafuteni sentimita zenyewe katika maelezo ya mtengenezaji, na asiyezitaja mimi humpita.

Kipimo kikishapatikana, begi livaliwe likiwa na mzigo. Begi tupu humkaa vizuri kila mtu, ndiyo maana wengi huridhika mbele ya kioo wakajuta njiani. Litiwe kilo saba hadi kumi za vitu halisi, mikanda yote ilegezwe, ndipo livaliwe kwa kuanzia chini. Mkanda wa nyonga hufungwa kwanza, ukikaa juu ya mifupa ya nyonga ili ukingo wake wa juu uipite mifupa hiyo kwa sentimita mbili au tatu, na ukazwe hadi uhisi mzigo umetua. Baada ya hapo ivutwe mikanda ya mabega mpaka iguse mabega bila kuyakandamiza. Vile vikanda vidogo vinavyotoka juu ya mabega kuelekea sehemu ya juu ya begi hufuata, na kazi yake ni kuuvuta mzigo karibu ili usikuburute nyuma. Vikae kwa mshazari wa nyuzi karibu 45. Mkanda wa kifua hufungwa mwisho, chini kidogo ya mitulinga, na usibane pumzi. Anayeanza na mabega hufunga mkanda wa nyonga pale begi lilipojitundika, ambapo mara nyingi si pale nyonga zilipo.

Sasa mtu akutazame kwa ubavuni. Mikanda ya mabega inatakiwa ilale juu ya bega na kuteremka nyuma yake bila kuacha uwazi. Ukionekana mwanga kati ya mkanda na sehemu ya nyuma ya bega, begi ni refu kuliko mgongo wako. Mkanda wa nyonga ukipanda tumboni huku ile ya mabega ikikuvuta kuelekea chini, begi ni fupi. Hakuna kukaza kunakoweza kusahihisha mambo haya mawili, na naomba mniamini, kwa kuwa nilikaza kwa miaka miwili.

#2 Kobe

Mkuu, uzi mzuri, nami naunga mkono kwa sehemu kubwa. Naongeza tu kwamba mabegi mengi ya siku hizi yana mgongo unaorekebishika: fremu ya mikanda ya mabega huteleza juu na chini, ama kwa velkro au kwa ngazi ya vitanzi, kwa hiyo begi moja linaweza kumfaa mtu wa sentimita 43 na wa 50. Kwa familia inayoazimana begi hilo ni jambo la maana sana.

Hata hivyo kuna mtego ambao wauzaji hawautaji. Fremu yenyewe ya begi, ambayo ni vile vyuma vya alumini au bati la plastiki lililo ndani, haibadiliki urefu. Ukiipandisha mikanda ya mabega hadi alama ya juu kabisa, mabega yako yanakaribia kilele cha fremu, na vile vikanda vidogo ulivyovieleza vinalala bapa badala ya kupanda kwa mshazari, hivyo havina tena pa kuvutia. Kwa hiyo begi linaloandikwa kwamba linafaa hadi sentimita 53 litamkaa mtu wa 53 kwa shida. Mimi humshauri mtu achague begi ambalo kipimo chake kinaangukia katikati ya masafa ya marekebisho, asikubali kuwa mtu wa alama ya mwisho.

#3 Nyayo

Nawaheshimu wakuu, lakini naona mnazungumzia msafara wa milimani na mada inasema safari. Mimi husafiri kwa ndege na mabasi, begi langu ni la lita 35, halina fremu, mkanda wake wa kiunoni ni utepe mwembamba ambao niliukata siku nilipolinunua, na sijawahi kufa ganzi. Umbali mrefu kabisa ninaotembea ni kutoka kituoni hadi mahali pa kulala. Je, na mimi nipimwe mgongo?

#4 Msafiri mpya

Nami nimekuwa nikisoma kimyakimya, na swali langu linakaribiana na la Nyayo. Nina safari ya wiki tano, nchi kadhaa, nitakuwa nahama kila baada ya siku tatu au nne. Nimekwisha kuchagua begi la lita 60 mtandaoni na nilikuwa nakaribia kulipa. Urefu wangu ni sentimita 162. Nisubiri?

#5 Mleta uzi

Ndugu Nyayo, swali lako ni la haki, na jibu lake limo katika uzito wa mzigo. Ukiwa na kilo sita au saba, mabega yenye afya hubeba bila malalamiko, na mkanda wa nyonga huwa pambo. Kuanzia kilo nane au tisa hivi hesabu hubadilika, na zikifika kumi na mbili mtu asiye na mkanda wa kweli, wenye sponji ngumu na uliounganishwa na fremu, ataujua mpaka wake kabla hajatoka nje ya kituo. Nasisitiza kuunganishwa na fremu, kwa sababu mkanda mnene ulioshonwa kwenye begi lisilo na kitu kigumu mgongoni hauhamishi mzigo. Begi hujikunja tu na uzito ukabaki mabegani. Kwa begi lako la lita 35 linalobebwa dakika kumi, ulifanya sawa kuukata ule utepe.

Msafiri mpya, ndiyo, subiri. Lita 60 kwa mtu anayehama kila baada ya siku tatu ni kualika matatizo, maana begi lenye nafasi hujazwa, na tukishalijaza tunabeba vitu ambavyo hatukuvihitaji hata siku moja. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba begi lililojaa lisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wako, na kwa safari ya kuzunguka mijini mimi ningekomea chini zaidi ya hapo. Kama hubebi hema wala vifaa vya kupikia, lita 35 hadi 45 zatosha kwa wiki tano kama zinavyotosha kwa wiki mbili, kwa kuwa nguo hufuliwa.

Lita 40 zina faida nyingine. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kuingia ndani na begi lisilozidi takriban sentimita 55 kwa urefu, 35 au 40 kwa upana na 20 au 23 kwa kina, na yapo yanayopima pia uzito, ambapo kilo 7 ni kikomo cha kawaida. Lakini angalieni hapa, kwa sababu ndipo faraja na kanuni za ndege zinapogombana. Begi la sentimita 55 kwa nje lina fremu fupi. Mtu mwenye mgongo wa sentimita 50 akilivaa, mkanda wa kiunoni utamfunga tumbo. Huyo ama akubali kubeba kidogo na kutegemea mabega, au achukue begi refu na kulikabidhi kwenye mizigo. Wewe, kwa urefu wako, huenda usipate tatizo hilo, lakini nakuomba upimwe usikisie, mimi nilikisia.

#6 Kobe

Kuhusu lita, niongeze jambo dogo. Kuna njia sanifu ya kupima ujazo wa begi, nayo ni kulijaza kwa vijipira vya plastiki vya milimita 20 kisha kuvipima vilivyoingia. Lakini si kila mtengenezaji huifuata, na wapo wanaohesabu mifuko ya nje yenye wavu huku wengine wakihesabu mfuko mkuu peke yake. Nina mabegi mawili yote yaliyoandikwa 40, na vitu vya moja haviingii katika jingine.

#7 Tandabui

Naomba kuongeza upande ambao kaka zangu hapo juu hawajaugusa. Wanawake wengi tuna mabega yaliyokaribiana zaidi, na mikanda iliyonyooka na kuachana sana hutuangukia kwenye kingo za mabega au hutukata kwapani, na ikivutwa ndani kwa mkanda wa kifua hukandamiza matiti. Mabegi yaliyoundwa kwa ajili ya wanawake huwa na mikanda iliyoanza karibu na shingo na kupinda kama herufi S ili ipite pembeni ya kifua, mgongo mfupi zaidi, na mkanda wa nyonga uliokatwa kwa mshazari kufuata mpanuko wa nyonga zetu. Tofauti hizo ni za kweli. Ila pia nimeona begi lililobadilishwa rangi tu na kuitwa la kike, kwa hiyo lishikeni mkononi, mtazame mikanda yenyewe inaanzia wapi na inapinda vipi. Mume wangu ana mabega membamba na mgongo mfupi, na begi linalomkaa kuliko yote aliyowahi kuwa nayo ni la kike. Alisita wiki nzima kabla ya kulikubali.

Jambo la pili ni unene wa mkanda wa nyonga na ukubwa wake. Mkuu ametuambia tupime mgongo, lakini kiunoni nako kupimwe, kwa kuzungusha utepe juu ya mifupa ya nyonga; saizi ya suruali haitusaidii hapa, kwa sababu suruali huvaliwa chini ya hapo. Mkanda ukishakazwa, vipande viwili vya sponji visikutane mbele. Vikikutana, umefika mwisho wa kukaza, na siku utakapopungua mwili kidogo njiani, jambo ambalo hutokea, begi litakuwa linateleza. Iwepo nafasi ya kama upana wa kiganja kati yao. Kinyume chake, vikiishia ubavuni tu bila kuzunguka mbele ya mfupa, mkanda ni mdogo, na ule utepe mtupu ndio utakaokukata.

#8 Mwiba

Nafanya kazi ya tiba ya viungo, na nimesoma habari ya vidole vya mleta uzi nikatikisa kichwa. Neva zinazokwenda mkononi hutoka shingoni na kupita katika njia nyembamba kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Mkanda unaokandamiza hapo, au unaolivuta bega chini kwa saa nyingi, huzibana neva hizo, na matokeo ni ganzi, kuwashwa kama sindano, au mkono kukosa nguvu. Hali hii inajulikana sana miongoni mwa askari wanaobeba mizigo mizito, na ina hata jina lake katika vitabu vya tiba. Kwa kawaida hupita baada ya kupumzika, lakini ganzi inayodumu siku kadhaa, au mkono unaoshindwa kuinuka, si jambo la kusubiri lijimalize. Mwone daktari.

Kwa kuwa humu tunausifu sana mkanda wa nyonga, nao uzungumzwe madhara yake. Ipo neva inayopita karibu na ile ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga kwenda kwenye ngozi ya paja, upande wa mbele na nje. Mkanda uliokaa chini mno na kukazwa kupita kiasi huibana, na mtu huhisi paja linawaka moto au limekufa ganzi kama si la kwake. Nimewapokea watu waliodhani wameumia uti wa mgongo, kumbe ni mkanda tu. Dawa ya kwanza ni kuupandisha mkanda ukae juu ya mfupa na kuulegeza kidogo kila baada ya muda fulani.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema uzito wote uende kiunoni. Sehemu kubwa iende huko, naam, lakini mabega yabakiwe na kitu, la sivyo begi litakuwa linayumba nyuma yako kama mlango usio na komeo, na misuli ya kiuno itachoka kwa kulirudisha. Mimi huwaambia wateja wangu wabadilishe mgawo huo wakiwa njiani: katika mteremko kaza mabega kidogo, katika tambarare yalegeze, ili mahali pamoja pasibebe siku nzima.

#9 Mleta uzi

Nashukuru sana, daktari, au nikuite mtaalamu. Nakiri kwamba niliandika kana kwamba mabega hayana kazi. Narekebisha.

#10 Nyayo

Nimeshawishika juu ya uzito, lakini nina swali lingine. Mabegi yenye mgongo wa wavu uliotandazwa mbali na begi, ambamo hewa hupita, mnayaonaje? Mimi hutoka jasho sana, na rafiki yangu anayasifu.

#11 Kobe

Hapa nina maneno. Mtindo huo si mpya. Kampuni ya Deuter ya Ujerumani iliutoa mwaka 1984, na kwa upande wa jasho unafanya kazi yake. Tatizo ni kwamba ili hewa ipite, begi lazima likae sentimita kadhaa mbali na mgongo, na mzigo ukisogea nyuma mwili hulazimika kuinama mbele kuusawazisha. Kwa kilo sita hutaona tofauti. Kwa kilo kumi na nne utaiona, hasa unapopanda ngazi. Tena fremu iliyopinda huingia ndani ya mfuko mkuu, hivyo vitu vya mraba, kama vile kompyuta na mifuko midogo ya kupangia nguo, vinakaa kwa taabu.

Mimi nilikuwa nao na niliugawa. Napendelea mgongo wa sponji yenye mifereji, unaogusa mwili, na jasho nimelikubali kuwa sehemu ya safari.

#12 Tandabui

Naomba nipingane kwa heshima. Nina begi la wavu la lita 38, nabeba kilo nane, na katika joto kali sitalibadilisha kwa lolote. Mgongo wangu ulikuwa unatoka vipele kila safari kabla ya hapo. Kila mtu apime mzigo wake na ngozi yake.

#13 Msafiri mpya

Nimeshaghairi lile la lita 60. Lakini ninakoishi siwezi kujaribu mabegi mengi kwa mkono, nitalazimika kuagiza. Nitajuaje kwamba linanikaa kabla halijanishinda kurudisha? Na je, namna ya kupanga vitu ndani inabadilisha chochote?

#14 Mleta uzi

Kwanza soma masharti ya kurudisha kabla ya kulipa, na uangalie nani anagharimia usafirishaji wa kurudi. Likifika, usilikate lebo. Lijaze vitu vyako vyenyewe, vile utakavyosafiri navyo, kwa sababu vitabu na chupa za maji hutoa uzito lakini havitoi umbo. Livae humo ndani ya nyumba kwa saa nzima, si dakika tano: panda na kushuka ngazi kama zipo, inama ufunge kamba za viatu, inua magoti, geuza kichwa kulia na kushoto, tazama juu uone kama kisogo kinagonga begi. Faraja ya dakika tano ni ya sponji laini, na sponji laini sana hujikandamiza ikaisha, ukabaki na utepe. Baada ya saa moja livue, utazame mabega na nyonga kwenye kioo. Wekundu uliosambaa ni wa kawaida. Alama nyembamba iliyochimba mahali pamoja ni ya kukufanya ulirudishe.

Kupanga vitu kunabadilisha mengi, kiasi kwamba begi zuri lililopangwa ovyo hujifanya baya. Vitu vizito vikae karibu kabisa na mgongo, usawa wa katikati hadi kwenye mabega, vyepesi kama nguo za kulalia viende chini, na vya uzito wa wastani vijaze upande wa nje. Kwa sababu hiyo mfuko wa kompyuta ulioshonwa ukiwa umeegemea mgongo uko mahali sahihi kwa uzito, ila una kasoro moja ambayo wengi hawaitambui: kompyuta ni ubao usiopinda, na mgongo wa begi uliokusudiwa kufuata mpindo wa kiuno chako hunyooshwa nayo. Jaribu begi kompyuta ikiwa ndani. Mimi nilirudisha moja kwa sababu hiyo tu.

Na ukubali mikanda ya pembeni ya kubana begi, hata kama inaonekana mapambo. Begi lililojaa nusu lisipobanwa, vitu hushuka na kusogea nyuma, na kazi yote ya kupanga inapotea.

#15 Nyayo

Kitambaa na zipu mbona hamjavigusa?

#16 Mleta uzi

Kwa kifupi, kwa kuwa uzi ni wa faraja. Namba inayofuatiwa na D kwenye lebo ni denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. 210D ni chepesi, 420D hadi 500D humfaa msafiri wa kawaida, na 1000D ni kigumu lakini huongeza uzito utakaoubeba kila siku. Zipu ndizo hufa kabla ya kitambaa, kwa hiyo tazama zile za mfuko mkuu ziwe nene, na ujaribu kuzifunga kwenye kona begi likiwa limejaa. Begi linalofunguka kama sanduku ni raha kwa anayelala vyumbani. Linalofunguka juu tu humlazimu kutoa kila kitu akitafuta soksi. Iwapo utalikabidhi kwenye mizigo ya ndege, lipendelee lile ambalo mikanda yake hufichwa ndani ya kifuniko chenye zipu, kwa maana mkanda wa nyonga unaoning'inia hunaswa kwenye mitambo.

#17 Msafiri mpya

Narudi na mrejesho. Dada yangu alinipima mara tatu, na mara mbili kati ya hizo alipata sentimita 43. Niliagiza mabegi mawili kwa wakati mmoja nikiwa na nia ya kurudisha moja. La kwanza, la lita 45, lilikuwa zuri kulitazama, lakini nilipotia kilo tisa uwazi ulionekana nyuma ya mabega, kama mleta uzi alivyoeleza, na mkanda ukateremka. La pili ni la lita 38, la kike, lenye mgongo unaorekebishika, na kipimo changu kimeangukia alama ya tatu kati ya tano. Nimelivaa saa moja na nusu nikipika na kufagia. Wekundu mdogo mabegani, nyonga hazina alama.

Ila halina vile vikanda vidogo vya juu ya mabega. Je, hii ni sababu ya kulirudisha?

#18 Mleta uzi

Hapana. Vikanda vile vinahitaji fremu inayopanda juu ya mabega ili viwe na pa kuvutia, na katika begi fupi kama hilo kilele cha fremu kiko usawa wa mabega au chini yake, kwa hiyo hata vingekuwapo visingefanya kazi. Weka vitu vizito karibu na mgongo, kaza mikanda ya pembeni, na ukate lebo.

#19 Kobe

Asikate lebo kabla hajalivaa na kompyuta ndani.

#20 Msafiri mpya

Kompyuta ilikuwamo. Nimekata.